Afya ya Matiti kwa Wanamichezo wa Kike: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanawake na wasichana wanaoshindana katika netiboli, soka, riadha, wavu, ngumi na karate hapa Dodoma na mikoa jirani, pamoja na makocha, walimu wa michezo na wazazi wao. Mengi ya maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini baada ya mazoezi, wenzake muulizaji wakiwa wameshaondoka, na huenda hiyo ndiyo sababu orodha ya vifaa vya timu hutaja jezi, bukta, soksi na viatu bila kutaja sidiria hata mara moja. Msimamo wa mwandishi ni kwamba sidiria ya michezo ni kifaa cha mchezo kama kilivyo kiatu, na kwamba maumivu ya titi yanastahili kuzungumzwa kwa uwazi uleule unaotumika kuzungumzia goti au kifundo cha mguu.

Kwa nini matiti yangu huuma ninapokimbia au kuruka, ilhali sina ugonjwa wowote?

Ndani ya titi hakuna msuli. Kuna tezi za maziwa, mafuta, na nyuzi nyembamba ambazo wataalamu huziita kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika karne ya 19. Nyuzi hizo pamoja na ngozi ndizo zinazolishikilia titi kwenye ukuta wa kifua. Msuli wa kifua uko nyuma yake, na ukiuimarisha kwa pushapu utapata nguvu za kurusha mpira lakini hautalizuia titi kutikisika. Mkimbiaji anapopanda na kushuka, titi huchelewa kidogo kuufuata mwili, kisha huvutwa ghafla ili liufikie. Tena haliendi juu na chini tu: huenda kushoto na kulia, na mbele na nyuma, kiasi kwamba likifuatiliwa kwa kamera za maabara huonekana linachora umbo linalofanana na namba nane. Ngozi na nyuzi zikivutwa hivyo mara maelfu katika zoezi moja, maumivu si jambo la kushangaza.

Wasichana wembamba wasijione wako salama. Katika uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji wanawake wa London Marathon ya mwaka 2012, karibu theluthi moja walisema hupata maumivu ya matiti, na miongoni mwao walikuwamo wenye matiti madogo.

Jambo ambalo makocha hawalioni kwa urahisi ni kwamba anayeumia hubadilisha mwendo bila kujijua. Hufupisha hatua, hukunja mabega, hubana viwiko karibu na kifua, na katika netiboli huacha kurukia mpira wa juu. Pembeni ya uwanja huitwa mvivu.

Je, sidiria ya kawaida haitoshi?

Kwa kutembea inatosha. Kwa kushindana haitoshi. Sidiria ya kwanza iliyobuniwa mahsusi kwa kukimbia ilishonwa huko Vermont, Marekani, mwaka 1977, na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, ambao jaribio lao la mwanzo lilikuwa kuunganisha nguo mbili za ndani za kujikinga zinazovaliwa na wanamichezo wa kiume. Tangu hapo zimekuwapo aina mbili kuu. Ya kwanza hubana matiti yote mawili pamoja dhidi ya kifua, nayo huwafaa wenye matiti madogo na ya wastani. Ya pili ina vikombe viwili vilivyotenganishwa, kila titi likikaa mahali pake, na huwafaa zaidi wenye matiti makubwa, ambayo moja tu linaweza kufika nusu kilo au zaidi. Zipo pia zinazochanganya njia zote mbili, na kwa mchezaji mwenye kifua kikubwa anayecheza mchezo wa kuruka, hizo ndizo bora.

Nitajuaje kama sidiria inanitosha kweli?

Swali hili lina uzito kuliko yote, kwa sababu sidiria ya bei kubwa isiyokutosha ni hasara tupu, na wanawake wengi huvaa saizi waliyoizoea tangu wakiwa shuleni.

Anza kwa tepu ya fundi cherehani. Izungushe chini kidogo ya matiti, ikiwa imenyooka mgongoni na kifuani, toa pumzi, kisha soma inchi. Hicho ndicho kipimo cha mkanda wa chini. Halafu pima pale matiti yalipojaa zaidi, bila kuikaza tepu. Kwa kawaida tofauti ya inchi moja huhesabiwa kuwa kikombe A, mbili B, tatu C na nne D, lakini viwanda havilingani, kwa hiyo kipimo hicho kikusaidie kuchagua ya kujaribu na si kukufanya ununue ukiwa umefumba macho.

Ukishaivaa, inama mbele kidogo na uhakikishe titi lote limeingia, pamoja na nyama ya upande wa kwapa. Simama. Mkanda wa chini unapaswa kukaa usawa mmoja kuzunguka mwili mzima. Ukipanda mgongoni, basi ni mkubwa, hata kama unajihisi umebanwa. Ingiza vidole viwili kati ya mkanda na ngozi: vikiingia kwa shida kidogo, ni sawa, ngumi nzima ikiingia, irudishe. Mkanda huo wa chini ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi. Mikanda ya begani husaidia tu, na mwenye alama nyekundu zilizochimbika mabegani kila baada ya mechi mara nyingi anavaa mkanda wa chini uliolegea, kisha anaifidia hali hiyo kwa kuvuta ya juu. Sasa tazama ukingo wa juu: nyama ikimwagika nje, kikombe ni kidogo, kitambaa kikikunjamana, ni kikubwa. Mwisho, inua mikono yote miwili kama anayezuia goli, uone kama mkanda umebaki mahali pake, kisha ruka papo hapo mara kumi na uvute pumzi ndefu. Usiogope muuzaji atakuonaje. Mwombe rafiki akushikie kanga mlangoni mwa chumba cha kujaribia, na uruke. Sidiria nzuri hupunguza mtikisiko kwa kiasi kikubwa bila kukunyima pumzi, na jambo la pumzi lina uzito wake katika mji uliopo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Mwili hubadilika. Pima tena baada ya kujifungua, baada ya kunenepa au kukonda, na kwa wasichana wanaokua, kila baada ya miezi michache.

Sina fedha ya kununua mpya ya michezo. Nifanyeje?

Wachezaji wengi hapa hununua sidiria za mitumba, iwe katika mnada wa Msalato au kwa wamachinga mjini, ingawa Shirika la Viwango Tanzania lilikataza uingizaji wa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Mbali na sheria na usafi, ipo hoja ya ufundi: mpira uliofumwa kwenye mkanda hufa kabla ya kitambaa kuchakaa, kwa hiyo sidiria ya mtumba inaweza kuonekana mpya na isishike kitu. Ivute mkanda kisha uuachie; usiporudi upesi katika urefu wake, iache hapo ilipo.

Kuvaa mbili kwa pamoja husaidia, na hakuna haja ya kuona aibu kwa kufanya hivyo. Ivae yenye vikombe ndani na ya kubana juu yake, mradi uweze kuvuta pumzi hadi mwisho. Fundi cherehani mzuri naye anaweza kubadilisha mkanda wa chini uliolegea, kuongeza safu ya vishikizo, au kuunganisha mikanda ya begani mgongoni ili isiteleze. Ni kazi ndogo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua upya.

Kujifunga kanga au bendeji kwa nguvu kuzunguka kifua ni jambo lingine. Mbavu zinahitaji kutanuka, na mchezaji aliyefungwa hivyo huishiwa pumzi mapema, hupata malengelenge, na jua la mchana likiwa kali anaweza hata kuzirai. Tafadhali msifanye hivyo.

Niitunze vipi ili idumu?

Ifue kwa mkono kila baada ya kuivaa, kwa sabuni isiyo kali, usiikamue kwa kuisokota, na uianike kivulini. Jua la Dodoma hukausha upesi lakini huua mpira upesi vilevile. Kuna jambo jingine ambalo wageni wa mji huu hulijua ndani ya wiki moja: maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, na mabaki yake hubaki kwenye kitambaa. Suuza mara mbili au tatu, kwa sababu mabaki hayo yakichanganyika na jasho huwasha. Kwa mchezaji wa kila siku, sidiria moja hudumu kati ya miezi sita na mwaka. Ukiwa nazo mbili za kupishana, zote zitadumu zaidi.

Nachubuka chuchu na chini ya matiti. Je, ni ugonjwa?

Mara nyingi ni msuguano tu. Magdalena Shauri alipomaliza wa tatu katika mbio za marathoni za Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, alikuwa amepiga hatua makumi ya maelfu, na katika umbali kama huo mshono mmoja uliotokeza unaweza kutoa damu. Paka mafuta ya mgando kwenye chuchu, chini ya mkanda na kwapani kabla ya kutoka, chagua kitambaa kinachopitisha jasho badala ya pamba tupu inayolowa na kubaki imelowa, na geuza sidiria uikague mishono yake. Upepo wa kiangazi hapa hukausha ngozi, hivyo chuchu huweza kupasuka hata kwa asiyekimbia mbali.

Wekundu wenye kuwasha, unyevunyevu na harufu katika mkunjo wa chini ya titi huashiria fangasi. Badilisha sidiria mara baada ya mazoezi, jikaushe vizuri, na nenda zahanati upate dawa ya kupaka inayofaa. Krimu za kuchanganya zinazouzwa mitaani, ambazo huwa na steroidi, huondoa mwasho kwa siku chache kisha huziacha fangasi zikistawi.

Nimepigwa kiwiko au mpira kwenye titi. Nifanye nini?

Toka uwanjani. Kwanza hakikisha mbavu ziko salama: ukivuta pumzi ndefu na ukasikia maumivu makali ya kuchoma mahali pamoja, au pumzi ikakukatika, nenda hospitali. Kama ni titi lenyewe, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa siku hiyo, vaa sidiria inayoshika vizuri hata usiku, na meza parasetamoli ukihitaji. Usikande kwa maji ya moto na usiruhusu mtu akuchue siku za mwanzo, maana damu inayovuja ndani itaongezeka.

Baada ya pigo kubwa, mafuta ya ndani ya titi yanaweza kufa na kuacha uvimbe mgumu usio na madhara, lakini kwa vidole hautofautiani na uvimbe wa saratani, na wakati mwingine hata kipimo cha picha huwatatiza madaktari. Kwa hiyo uvimbe wowote unaobaki baada ya wiki mbili au tatu upimwe, hata kama unakumbuka vizuri siku uliyopigwa.

Majeraha haya ni mengi kuliko taarifa zinazoandikwa. Wachezaji wanawake wa aina mbalimbali za kandanda na raga walipohojiwa nchini Australia, zaidi ya nusu walisema waliwahi kuumia titi, na wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kanuni za shirikisho la karate duniani, WKF, huwataka wanawake wavae kinga ya kifua. Katika soka Sheria ya 4 inaruhusu vifaa vya kujikinga visivyo hatari, na kipa mwenye kuumia mara kwa mara anaweza kuitumia ruhusa hiyo.

Je, kupigwa titi au kuvaa sidiria ya kubana husababisha saratani?

Hapana, vyote viwili havisababishi. Kinachotokea ni kwamba aliyepigwa hulishika titi lake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na hapo hugundua uvimbe uliokuwapo tangu zamani. Mazoezi ya mara kwa mara, kwa upande wake, hupunguza uwezekano wa kupata saratani ya matiti, ingawa hayauondoi.

Mimi ni kijana na nina afya. Nijichunguze kwa nini?

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake nchini baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Kwa wasichana ni nadra, na uvimbe mwingi unaopatikana katika umri wao ni ule laini unaoteleza chini ya kidole, usio na hatari. Hata hivyo daktari ndiye wa kuthibitisha.

Lijue titi lako lilivyo kawaida. Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kuisha, kwa kuwa kabla yake matiti hujaa na kuwa na vinundu. Nenda kituo cha afya ukiona uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo awali haikuwa hivyo, majimaji yenye damu, au wekundu usiopona kwa dawa. Kutoka hapo unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa walio chini ya miaka 30 daktari kwa kawaida huanza na altrasaundi, kwa sababu nyama ya ndani ya titi la kijana imeshonana sana na eksirei yake haisomeki vizuri.

Matiti huniuma wiki moja kabla ya hedhi. Niache mazoezi?

Usiache. Maumivu ya pande zote mbili yanayokuja na kuondoka pamoja na hedhi husababishwa na homoni. Vaa sidiria inayoshika zaidi siku hizo, mwombe kocha akupunguzie mazoezi ya kuruka kama ni lazima, na tumia dawa ya maumivu ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, upande mmoja, yasiyofuata mzunguko, yanahitaji kuchunguzwa.

Tangu nianze maandalizi makali matiti yamepungua na hedhi imekatika. Kocha anasema ni dalili ya kuwa fiti.

Kocha amekosea. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoupa huanza kuzima shughuli zake, uzazi ukiwa wa mwanzo. Mifupa hudhoofika, na nyufa ndogo zinazoletwa na mzigo wa kurudiarudia hutokea kwenye mifupa ya miguu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambulisha rasmi hali hii mwaka 2014 kwa jina la upungufu wa nishati katika michezo. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, muone daktari, na upime ujauzito kwanza. Uji asubuhi na sahani moja ya ugali kwa mlenda jioni havimtoshi msichana anayekimbia mara mbili kwa siku, hata kama nyumbani wanaona amekula.

Ninanyonyesha na ninataka kurudi kwenye timu ya wizara. Maziwa yatakauka au kuchacha?

Mazoezi ya kiasi hayapunguzi maziwa wala hayayaharibu, ukila na kunywa maji ya kutosha. Nyonyesha au kamua kabla ya mazoezi ili matiti yawe mepesi, futa jasho kabla ya kumpa mtoto titi, na vaa sidiria yenye vikombe. Ile ya kubana ikikaa saa nyingi huziba mirija, na titi linaweza kuvimba, kuwa jekundu na kukupa homa. Ikitokea hivyo endelea kunyonyesha au kukamua, na utafute matibabu siku hiyohiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na baadaye mama ana haki ya hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Viongozi wa timu zinazojiandaa kwa SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, waipange ratiba wakilijua hilo, wala wasisubiri mama aje kuomba kana kwamba anaomba hisani.

Binti yangu ana miaka 11, alikuwa anakimbia vizuri, sasa anakataa kwenda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Inawezekana ni kwa sababu ya matiti?

Inawezekana sana, mama. Matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, mara nyingi upande mmoja ukitangulia, na kinundu cha mwanzo huuma kikiguswa. Wanafunzi wa kike walipoulizwa nchini Uingereza, karibu nusu yao walisema matiti yaliathiri ushiriki wao katika michezo, na hapa kwetu yapo pia macho na maneno ya wavulana. Mama, shangazi au bibi amwambie mapema kwamba hali hiyo ni ya kawaida, amnunulie kibrazia chepesi cha kubana kidogo, na amwombe mwalimu ampatie jezi isiyombana wala isiyoangaza ikilowa. Shuleni, matroni au madam wa michezo azungumze na wasichana wote kwa pamoja. Kumwita mmoja pembeni humuumbua.

Kocha wetu ni mwanamume. Tuzungumze naye vipi, na yeye aishie wapi?

Kocha anaweza na anapaswa kuuliza timu nzima kama vifaa vinafaa, sidiria ikiwemo, na kuiweka katika bajeti. Kupima, kukagua na kutibu kifua ni kazi ya mwanamke aliyeteuliwa, na timu isiyo naye imtafute hata kwa mzazi mmoja anayejitolea. Mchezaji asiguswe kifuani kwa kisingizio cha kuchuliwa au kurekebishwa mkao. Likitokea, toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa mtoto, piga 116 bila malipo.

Kukimbia kutayafanya matiti yalegee?

Hakuna ushahidi thabiti wa hilo. Umri, idadi ya mimba, sigara na kubadilikabadilika kwa uzito vina uhusiano ulio wazi zaidi, na kunyonyesha, kinyume cha wasemavyo wengi, hakumo.

Nimesikia wapo wanaopunguzwa matiti kwa upasuaji.

Wapo. Simona Halep, mcheza tenisi wa Romania, alifanyiwa mwaka 2009 akiwa na miaka 17, na baadaye akawa namba moja duniani. Ni upasuaji mkubwa unaoacha makovu na unaoweza kuathiri kunyonyesha, hivyo ujadiliwe na daktari bingwa baada ya sidiria sahihi na mazoezi ya mgongo kushindwa.

Sidiria ikikatika katikati ya mechi?

Mwambie mwamuzi au nahodha, toka nje urekebishe. Usitumie pini, kwa sababu ikifunguka itakuchoma wewe au mwenzako. Timu iweke sidiria mbili za akiba za saizi tofauti, safi, ndani ya mfuko wa huduma ya kwanza, pamoja na kanga ya kusimamisha kama pazia.